Fundi Lifti wa Nzuguni

Marselina alikuwa kidato cha nne huko Gulwe wakati ofisa mmoja alipokuja shuleni kuzungumzia ajira. Aliwaambia wanafunzi kuwa Dodoma inajengwa kwa kasi, na kwamba miaka ijayo watatafutwa sana wauguzi, mafundi umeme na mafundi wa mitambo ya majengo. Wenzake wengi wakachagua uuguzi. Marselina akauliza mitambo ya majengo ni kitu gani.

"Kama lifti," ofisa akajibu. "Maghorofa yanaota kama uyoga, lakini lifti ikiharibika tunamsubiri fundi atoke Dar es Salaam."

Baba yake, Meshack, mkulima wa mtama, hakupendezwa. "Mwanangu, hapa kwetu jengo kubwa ni stesheni, nayo haina ghorofa. Wagonjwa wako kila mahali. Soma uuguzi." Lakini alipoona binti hageuki, alimbebea sanduku mwenyewe mpaka chuoni.

Marselina alisoma umeme, kisha lifti. Alipomaliza akahamia kwa shangazi yake Nzuguni, Dodoma, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kila kampuni ilitaka mtu mwenye uzoefu. Mwaka ukakatika akikaanga maandazi barazani kwa shangazi. Baba akipiga simu, alimwambia anasubiri majibu. Akishakata simu, alijifuta machozi kwa kanga. Alianza kuamini kuwa yule ofisa aliwadanganya.

Hatimaye Hamza, fundi aliyehudumia lifti za majengo kadhaa mjini, akakubali kumchukua kwa majaribio. "Nitakutazama kwanza," alisema. Marselina akawa anambebea vifaa, anapaka grisi, anashika tochi. Kazi yenyewe aliifanya Hamza.

Mchana mmoja Hamza akiwa safarini Kondoa, simu ya Marselina ikaita. Alikuwa Uwesu, mlinzi wa jengo moja karibu na soko la Majengo. Lifti ilikuwa imesimama katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na ndani kulikuwa na mzee. Marselina akampigia Hamza.

"Mimi niko mbali," Hamza akasema. "Unajua cha kufanya. Zima umeme kwanza, mengine yafuate."

Akapanda bodaboda. Alipofika, akausogelea mlango wa lifti ghorofa ya pili.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," sauti ikajibu, ikitetemeka. "Nani huyo? Humu giza, mjukuu wangu. Pumzi inaniishia."

"Naitwa Marselina, mimi ndiye fundi. Hewa inaingia, babu, usiogope. Kaa chini, usiguse mlango. Nyumbani ni wapi?"

"Mpwapwa."

"Mbukwenyi, babu!" akamsalimu kwa Kigogo. "Mimi wa Gulwe, hukohuko."

Mzee akacheka kidogo, na kicheko kile kikamtuliza Marselina mwenyewe. Akapanda ngazi na Uwesu mpaka chumba cha mashine juu ya paa, akazima umeme, akamwonyesha Uwesu namna ya kuachia breki.

"Nikisema achia, unavuta mkono wa breki. Nikisema shika, unaiacha irudi. Usinitangulie."

Akashika kwa mikono miwili gurudumu la kuzungushia mashine. Uwesu akavuta, yeye akazungusha taratibu huku macho yakiwa kwenye kamba za chuma, akisubiri alama ya rangi inayoonyesha kuwa lifti imelingana na sakafu. Jasho likamwingia machoni. Alama ikatokea.

"Shika!"

Akateremka mbio mpaka ghorofa ya pili, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Mzee alikuwa ameketi sakafuni, kofia mapajani. Marselina akampa mkono, wakatoka pamoja. Mara akajikuta ameketi kwenye ngazi kando ya mzee, wote wawili wakihema na kucheka.

Hamza aliporudi alimsikiliza Uwesu, akakagua mashine, kisha akamwambia Marselina, "Majaribio yamekwisha. Kuna majengo mawili mapya yanafunguliwa, na peke yangu siyawezi. Kesho tuandikishane mkataba."

Marselina akampigia baba yake palepale, akamsimulia yote.

"Uliogopa?" Meshack akauliza.

"Sana, baba."

"Mimi nimeogopa tangu ulipochagua hiyo kazi," akasema, na sauti yake ikawa nyepesi kuliko Marselina alivyowahi kuisikia. "Ngoja nimwite mama yako, umwambie mwenyewe."

Marselina alipofika Nzuguni alikula ugali akamaliza sahani, akajinyoosha mkekani, na usingizi ukamchukua jua likiwa bado halijazama.