Mama Sekunde na sanitaiza ya stroberi

Mwandishi wa habari hii anaanza kwa kuungama. Siku ya kwanza alipofika kwenye wodi ya watoto wachanga, alichomoa mfukoni kichupa cha sanitaiza yenye harufu ya maua, akajipaka kwa mbwembwe, kisha akanyoosha mkono kusalimia. Mkono ukabaki hewani.

"Kaka, hapo umejitakasa au umejitia manukato?" akauliza mama mmoja aliyeshika dekio. "Hebu geuza hiyo chupa tuisome wote."

Nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, neno alkoholi halikuwepo hata mara moja. Mwandishi akaoneshwa sinki, akaoneshwa sabuni, akanawa kama mtoto wa chekechea huku wauguzi wawili wakijibana wasicheke.

Saa moja kasoro robo asubuhi, wiki moja baada ya aibu hiyo, mama yuleyule yuko juu ya kistuli cha plastiki kwenye korido ya wodi. Anafungua kisanduku cha tisa kati ya kumi na vinne vilivyopigiliwa ukutani, anajaza sanitaiza kutoka kwenye dumu, anafunga. Anabonyeza mara moja, anasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba hadi kucha. Midomo inacheza.

"Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Haya, imekauka."

Anashuka, anasogeza kistuli. Vimebaki vitano.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Sekunde, kwa daktari bingwa na kwa mlinzi wa getini. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kudeki korido hii kwa mikataba ya miezi sita sita ya kampuni ya usafi. Mshahara wake, asemavyo mwenyewe, "ukifika tarehe ishirini na mbili unakuwa umeshachoka." Nyumbani ana mume, fundi wa kupaka vanishi samani, na mabinti wawili.

Leo hakuna kitu cha kupaka mikono kinachoingia wodini kabla hajakikagua. Lakini heshima hiyo hakuipata kwa kupatia. Aliipata kwa kukosea.

"Ile ya stroberi niliileta mimi," anasema, na wala hateremshi sauti. "Mimi na pua yangu."

Sanitaiza ya zamani ilikuwa na harufu ya chumba cha sindano. Wauguzi waliikwepa. Kisanduku kimoja kilikaa siku tisa bila kuisha.

"Ungemwona daktari anakipita kisanduku mikono iko mfukoni, kama vile kitamng'ata!"

Kwenye kikao cha idara akanyoosha kidole. Akapendekeza wanunue inayonukia, watu waipende. Dumu za rangi ya waridi zikaja, na wodi nzima ikanuka kama keki ya harusi. Visanduku vikaanza kuisha kwa siku tatu. Kikao kilichofuata akapigiwa makofi.

"Siku hiyo nilitembea kama nimevaa viatu virefu," anacheka. "Kumbe niko na kandambili."

Aliyemshtua ni mumewe. Jioni moja mama alirudi nyumbani na kichupa alichopewa kama zawadi na muuza dumu. Binti mdogo, wa miaka minne, akamnusa kiganja, kisha akakilamba. Mama akaruka, akauvuta mkono, na kichupa akakipandisha juu ya kabati. Baba wa nyumba akakiteremsha, akajipaka, akakaa akiutazama mkono wake.

"Mke wangu, hii mnaiitaje?"

"Sanitaiza. Ina spiriti ndani."

"Spiriti gani hii?" Fundi akapuliza viganja. "Mimi nashinda na spiriti kutwa. Spiriti ukiishika inakupa baridi, halafu inakimbia. Hii imekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga."

"Wewe paka makabati yako, baba."

Alimjibu hivyo, lakini akakosa usingizi. Kesho yake akajipaka ya stroberi akaanza kuhesabu. Akafika sitini, viganja bado vinanata. Akahesabu upya kwenye kisanduku kingine. Vilevile.

Mchana akachukua dumu tupu, akaliloweka kwenye maji ya moto. Stika ya bei ikabanduka polepole, na chini yake ukatokea mstari mmoja: alkoholi asilimia thelathini na nane, kwa kuburudisha mikono.

"Kuburudisha!" anarudia mpaka leo kwa uchungu. "Mle ndani kuna watoto sita kwenye vioo vya joto, mwingine uzito wake haufiki hata pakiti ya unga ya kilo mbili. Na sisi tunaenda kuwashika na mikono iliyoburudishwa."

Wiki ile watoto wawili walikuwa wametokwa na vipele vya usaha. Hakuna aliyeweza kusema vililetwa na nini, na hata sasa hakuna anayejua. Kwake yeye hilo halikumpa nafuu.

Akampelekea msimamizi wa usafi lile dumu. Msimamizi alilitazama kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Mama, mkataba wako unaisha lini?"

"Wiki tatu zijazo."

"Basi zimalize salama. Ununuzi umepitishwa na wakubwa, wewe mwenyewe umepigiwa makofi. Unataka kujikaanga?"

Anakiri alitetereka. Alideki korido ile mara mbili siku hiyo, bila sababu. Kila akipita mlango wa watoto njiti, anamwona mama mzazi mmoja akibonyeza kisanduku kwa bidii, mara tatu, mara nne, kisha anaingiza mkono kwenye kioo na kumgusa mwanawe kwa ncha ya kidole.

"Yule dada alinimaliza. Alikuwa anaamini."

Kesho yake asubuhi, wauguzi wakiwa kwenye makabidhiano ya zamu, Mama Sekunde akaingia na dumu kwapani. Sista mkuu, mwanamke mrefu asiyependa kukatizwa, akamtazama juu ya miwani.

"Naomba dakika mbili, Sista. Hii ya stroberi haifai. Nguvu haina. Itolewe."

Muuguzi mmoja akamchokoza: "Si wewe uliyetuletea, Mama?"

"Ndiyo mimi. Ndiyo maana nimekuja mimi kuitoa."

Sista mkuu akalichukua dumu, akasoma. Akasoma tena. Kisha akamwita mfamasia wa hospitali, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akavuta kiti. "Kaa, Mama."

Kabla ya saa sita, visanduku vyote kumi na vinne vilikuwa vitupu na beseni za kunawia zimezungukwa na watu wenye sabuni. Sampuli ikapelekwa maabara. Siku nane baadaye jibu likaja: asilimia thelathini na saba nukta tano.

"Alitupita sote kwa macho," anasema mfamasia, kijana mpole anayependa kuzungusha kalamu. "Harufu haiui vijidudu, na wala haizuii dawa kuviua. Inayofanya kazi ni alkoholi, walau asilimia sitini, mkono ubaki umelowa sekunde ishirini hivi mpaka ukauke wenyewe. Kuhesabu kwake si kipimo cha maabara, lakini kulitufanya twende maabara."

Je, zinazonukia zote ni mbaya? Mfamasia anakataa. Pale mapokezi ipo yenye harufu ya chungwa, ina asilimia sabini, na Mama Sekunde ameipitisha kwa mkono wake. Wodini ameikataa kwa sababu nyingine: muuguzi mmoja alikuwa anapasuka ngozi ya vidole kwa manukato, na tangu warudi kwenye isiyonukia, wakaongeza na mafuta ya kulainisha, mikono imepona ndani ya wiki mbili. Mkono ukiwa na uchafu unaoonekana, hakuna mjadala, ni maji na sabuni. Na nyumbani, chupa inayonuka tunda inakaa mbali na mtoto, kwa kuwa mtoto anaamini pua yake.

Wiki ya mkataba kwisha, Mama Sekunde alifunga kandambili zake kwenye mfuko, akijua ndiyo basi. Msimamizi akamkuta stoo.

"Unaenda wapi na mfuko?"

"Si umesema nimalize salama? Nimemaliza."

"Rudisha hizo kandambili. Sista mkuu amesema ukiondoka wewe, na kampuni yote iondoke." Akamkabidhi karatasi. Ulikuwa mkataba wa miaka miwili, na chini ya cheo pameongezwa: mkaguzi wa vitakasa mikono.

Alipofika nyumbani, mumewe aliisoma karatasi mara tatu akitafuta jina lake. "Na mimi fundi wa vanishi mmeniandika wapi?"

"Wewe ni mshauri wa nje," akamjibu. "Hulipwi."

Mwezi uliopita amewafundisha wasafishaji tisa wa wodi nyingine kusoma nyuma ya dumu kabla ya kunusa mbele. Mpango wake ni kuwafikia wa jengo zima kabla mwaka haujaisha, kisha aombe kusomea cheti cha kuzuia maambukizi. "Darasani nitakuwa bibi yao, lakini nitakaa mbele."

Jambo moja tu limebaki. Aliandika barua kwa mkono, akaipeleka kwa kampuni iliyotengeneza ile ya stroberi. Miezi miwili ikapita kimya. Juzi ameinakili upya, neno kwa neno, akaipeleka tena. Bado kimya. Anasema hana neno ikichapishwa:

"Mimi ni mfanya usafi. Naomba kitu kimoja. Tunda mlilochora mbele tumeliona, ni zuri. Pembeni yake andikeni kiasi cha alkoholi kwa namba kubwa hivyohivyo, ili mtu aliyepanda kistuli aisome bila kuazima miwani. Tafadhali nijibuni."