Daftari Lililokwama Isebania

Sista Risper wa wodi ya kifua ndiye aliyeniomba niandike haya, ili wewe unayeanza dawa leo uyasome ukiwa kitandani. Nimeanza mara nne na kuchana. Kila mara nilijiuliza kama ninajisifu, au kama ninakuogopesha, au kama kuna mtu mwingine angeyaeleza vizuri zaidi. Sista akaniambia, "Akinyi, andika tu. Wagonjwa hawatakusahihisha." Basi naandika.

Kabla ya kuugua nilikuwa nyumbani kwetu Uriri, nimemaliza chuo kikuu, nangoja barua ya kuajiriwa ualimu. Barua haikuja mwaka huo wala uliofuata. Asubuhi nilimsaidia mama kupalilia mahindi, mchana nilikaa mlangoni nikiitazama njia. Majirani walipoacha kuniuliza habari za kazi, nilianza kuwaza kwa nini wameacha. Mimi ni mtu wa hivyo. Ukinisalimu kwa sauti ya chini, nitaichambua salamu hiyo hadi wiki iishe.

Ili nisibaki na mawazo tu, nilianzisha usomaji. Nilikuwa na riwaya moja niliyoipenda tangu sekondari, hadithi ya mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta watu wengine wanaishi katika nyumba yake. Nakala ilikuwa moja, na marafiki zangu wawili walikuwa mbali. Dorka, tuliyesoma naye, alikuwa fundi cherehani sokoni Rodi Kopany. Chacha, aliyekaa dawati la nyuma yangu kidato cha nne, alikuwa akiziba pancha za malori mpakani Isebania. Dorka alishona mkoba wa kitambaa cha kaki, tukatia ndani kitabu na daftari. Kila mtu alisoma sura mbili, akaandika daftarini lolote alilotaka, kisha akampa kondakta mkoba aufikishe kwa anayefuata. Ulitoka kwangu, ukaenda kwa Dorka, ukaenda kwa Chacha, ukarudi kwangu.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyewaalika, niliandika masharti kwenye ukurasa wa kwanza. Nilitaka iwe kama baraza la jioni, isiwe darasa. La kwanza: hakuna haraka. La pili: hakuna kumwuliza mwenzako amefika wapi wala kwa nini amechelewa. La tatu: ukiandika mstari mmoja, umetosha. Lile la pili lilinichukua siku nzima. Nilijua mimi ndiye ningewasumbua wenzangu kwa maswali, nikaona heri nijizuie mapema.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Dorka ni Msabato, hivyo Jumamosi mkoba haukutoka kwake wala haukufunguliwa. Aliandika kurasa mbili kuhusu nguo za yule mwanamke, akishangaa mwandishi kumvalisha sketi nzito kwenye jua lote lile. Chacha aliandika kwa herufi kubwa, na alama ya kidole cha grisi pembeni: "Huyu mama amesimama mlangoni sura nzima akiwaza abishe au asibishe. Abishe tu tuendelee."

Nilicheka hadi nikakohoa. Kikohozi hicho hakikuondoka.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nikiamka na shuka la kukamua kwa jasho. Chakula kilinikinaisha. Sketi yangu niliibana kwa pini moja, kisha kwa pini mbili. Nilinunua dawa ya maji ya kikohozi dukani, mama akanichemshia majani machungu, nikanywa vyote. Siku moja nikiwa jikoni nilikohoa nikaona damu kwenye leso, nyekundu, yenye povu. Niliikunja leso nikaificha chini ya godoro. Miaka hii mtu akikonda na kukohoa, watu hawangoji daktari. Wana jina la ugonjwa tayari, na hawalisemi mbele yako. Nilijua watakavyosema. Nilikuwa nimeshajisemea yote.

Mama aliiona leso siku ya nne alipotoa godoro juani. Alivaa viatu vyake vya kanisani, tukaondoka kwenda Homa Bay, ambako alisikia kuna wodi ya kifua.

Nilitema makohozi kwenye vikopo vitatu. Nilipigwa picha ya kifua. Daktari aliishika picha dirishani akasema, "Ni kifua kikuu. Kinapona, mradi usiache dawa kabla ya wakati." Nikamwuliza kama kuna kitu ananificha. Akanitazama juu ya miwani. "Binti, mimi nina wagonjwa arobaini. Sina muda wa kumficha mtu kitu."

Alinishauri nipimwe na damu, nikakubali. Majibu hayo ni yangu na sitayaandika hapa, kwa sababu najua wewe unayesoma una hofu hiyo hiyo. Ninachoweza kukuambia ni alichoniambia yeye: dawa za kifua kikuu humponya mwenye majibu haya na mwenye majibu yale.

Miezi miwili nililala wodini. Kila asubuhi nilidungwa sindano ya matako, leo kulia, kesho kushoto, hadi nikawa nakaa upande. Vidonge vilinitia kichefuchefu na mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Usishtuke utakapouona. Hakuna aliyenionya, nikakaa chooni nikijiandaa kufa, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akanigongea na kuniuliza kama ninataga.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa upweke. Mama alilazimika kurudi shambani. Binamu yangu mmoja alikuja, akasimama nje ya dirisha na kitambaa puani, akanisalimu kwa mkono kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Sikumlaumu. Niliwaza tu mkono ule kwa siku nyingi.

Dorka alikuja Jumapili, maana Rodi si mbali, akaniletea mkoba, ambao Chacha alikuwa ameupitishia kwake kwa kuwa zamu ilikuwa imenifikia. Nilikataa kuushika. Nilisema nitawaambukiza wote.

"Kitabu hakikohoi," Dorka akasema, akautupa mapajani mwangu.

Sista Risper alikubaliana naye: ugonjwa huu husafiri kwa pumzi, hausafiri kwa karatasi. Hata hivyo, nilipomaliza sura zangu mbili, nilianika kitabu na daftari dirishani siku mbili. Kisha nikaandika daftarini: "Nina kifua kikuu. Nimelazwa Homa Bay. Atakayeogopa kulishika daftari hili, nitaelewa." Dorka alisoma zamu yake, akaufunga mkoba kwa kipande cha kitenge, akautuma Isebania.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya miezi sita. Kikohozi kilikuwa kimeisha, nilikuwa nakula ugali kama mkulima. Mama alinipa chumba chenye madirisha mawili. Nikaanza kuungoja mkoba.

Wiki tatu zilipita. Wiki tano. Sikutuma ujumbe, kwa sababu sharti la pili nililiandika kwa mkono wangu. Nililiangalia lile neno nililowaachia, "nitaelewa," nikaona kwamba nimewafungulia mlango watoke, nao wametoka. Niliwaza Chacha akiushika mkoba kwa ncha za vidole na kuutupa kwenye moto wa matairi. Niliwaza mkewe akimwambia afanye hivyo. Dorka naye kimya. Kufikia wiki ya saba nilikuwa nimeshawasamehe wote, na kuwasamehe huko kulinimaliza nguvu.

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Siku ya kwanza nilisahau vidonge kweli. Siku ya pili nilijiuliza kama nilikuwa nimesahau kwa makusudi. Siku ya tatu nilivitia kwenye mkebe wa kakao, na kila siku baada ya hapo nikafanya vivyo hivyo. Sikutaka kufa. Nilijiona nimepona, na nikajiuliza napona nimrudie nani. Mama alikuwepo, ananiletea kikombe cha maji ya kumezea kila asubuhi, na leo naona aibu kwamba sikumhesabu. Baada ya wiki chache kikohozi kikarudi. Pini nazo zikarudi.

Chacha alifika Jumatano mchana, amepanda nyuma ya pikapu iliyobeba saruji, mweupe wa vumbi hadi kwenye nyusi. Mkoba ulikuwa begani. Mama alimkaribisha, akamletea kiti, naye akakisogeza karibu na changu badala ya kukirudisha nyuma. Niliona hilo.

"Mwalimu," akaniita, ndivyo anavyonitania, "umekuwa uzi."

Alifungua mkoba akanipa daftari. Lilikuwa limenenepa. Kurasa nyingi zilikuwa na miandiko nisiyoijua, mingine ya penseli, mingine ya wino uliovuja. Chacha alieleza kwamba madereva wa malori hukaa mpakani hata siku nne wakingoja karatasi zao, na mchana mmoja dereva aliyekuwa akingoja gurudumu lake alimwomba asome kwa sauti. Kesho yake walikuwa wanne. Walipovuka kwenda Tanzania walimwapisha asisonge mbele hadi warudi. Ndiyo maana sura mbili zilichukua zaidi ya wiki kumi. Mmoja aliandika kwamba yule mwanamke aende mahakamani. Mwingine aliandika kwamba yeye angelala pale pale nje hadi waliomo waone haya.

"Kwa nini hukunitumia hata neno?" nikauliza.

"Si uliandika wewe mwenyewe? Ukurasa wa kwanza. Hakuna kuulizana." Akajipangusa uso. "Mimi niliona umesema unaumwa. Nikadhani unataka tusome, hutaki tukulilie."

Baadaye Dorka aliniambia kwamba yeye alidhani mkoba uko kwangu nami nimechoka, na kwamba sharti lilimkataza kuuliza. Sote watatu tulikuwa tumelitii.

Chacha alifunua ukurasa mmoja karibu na mwisho, akauweka juu ya goti langu. Mwandishi wake alikuwa dereva wa lori la kwenda Mwanza. Aliandika: "Dada, nimeona maneno yako humu. Mimi nilikuwa na kifua. Mwezi wa nne wa matibabu niliacha dawa kwa sababu nilikuwa nimepata nguvu. Nilirudi kitandani nikiwa mbaya kuliko mwanzo. Leo naendesha. Usiache."

"Yeye ndiye aliyenituma," Chacha akasema. "Aliponiona nampa kondakta mkoba, akaninyang'anya. Akasema mgonjwa wa kifua aliye peke yake haendewi na kondakta, nenda mwenyewe ukamwone anameza." Alitazama ardhi kidogo, kisha akaniangalia usoni. "Najua hakuna kuulizana. Lakini nauliza. Unameza dawa?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari, nimeyapanga kwa wiki nyingi kwa ajili ya mtu yeyote atakayeuliza. Niliyaacha yote. Niliingia ndani nikaleta mkebe wa kakao, nikamkabidhi mama.

Mama aliutikisa, akasikia vilivyomo.

"Nyathina," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mtoto wake, "sasa mimi nilikuwa nakuletea maji ya kumezea nini?"

Sijawahi kukemewa vibaya kuliko hivyo.

Kesho yake tulirudi Homa Bay. Daktari hakunigombeza. Alisema tunaanza upya, na safari hii dawa ni nyingi zaidi, sindano ni nyingi zaidi, na muda ni mrefu zaidi. Masikio yalinilia kwa sababu ya sindano, magoti yakaniuma. Chacha alituma salamu kila wiki kwa dereva yeyote anayepita. Dorka aliacha kushona Jumapili alasiri ili aje kunitazama. Mama alikaa mbele yangu kila asubuhi hadi nifungue kinywa aone hakuna kidonge chini ya ulimi, kama mtoto wa chekechea. Makohozi yangu ya mwisho yalipimwa mwaka huu. Hayana kitu.

Namshukuru Mungu, na mama, na Sista, na wale wawili, na dereva ambaye sijawahi kumwona wala simjui jina.

Ushauri wangu si mwingi. Vidonge vimeze hata siku unayojisikia mzima, hasa siku hiyo. Ukimya wa watu usiusome kama barua. Mara nyingi haujaandikwa na mtu. Na ukiwa na mtu wa kukuuliza, mruhusu akuulize.

Lile daftari sasa liko hapa wodini, kwenye dawati la Sista. Kitabu tulikimaliza, tukaanza tena. Jumatano alasiri tunasoma sura moja kwa sauti, madirisha yakiwa wazi, na unakaribishwa hata kama hutaki kusema kitu. Masharti yako ukurasa wa kwanza. La pili nimelikata kwa mstari. Juu yake nimeandika swali la Chacha, na kila Jumatano, kabla hatujafungua kitabu, kila mmoja anamwuliza aliye kitanda cha kando.