Mwendesha Greda

Mwendesha greda wa kaunti yetu, anayesafisha theluji barabarani, hukusalimu kwa kuinua vidole viwili tu kutoka kwenye usukani, na ukimsimamisha huongea huku akitazama mashamba ya mahindi. Barabara yetu ilikuwa na nyumba kumi na moja, sasa nimebaki mimi tu. Januari hii theluji ilinifungia ndani siku tatu, kuni zikaniishia. Ndipo nikasikia greda likinguruma.

“Si watu wa kaunti wamesema huku hakusafishwi tena?” nilimuuliza mlangoni.

“Wamesema, Bi Verna.”

“Sasa umefuata nini?”

Alivua glavu, akazivaa tena. “Sijaona moshi kwako. Tangu mke wangu afariki, huwa naangalia moshi wa watu.”

Akaniletea kuni, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, na mimi sikutaka aondoke.