Sarafu Isiyotaja Thamani Yake

Kazini walimwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuyumba. Tangu ujana alikuwa akifunga chapa kwenye mashine za kiwanda cha sarafu: chapa ya juu, chapa ya chini, kisahani cha chuma katikati, mtambo unagonga. Kila akitoka kazini walinzi walimpekua hadi soksi, na mazoea yakamkaa mwilini mpaka akawa anakung'uta mifuko hata akitoka ukweni. Mkewe alimcheka sana kwa hilo.

Jumamosi moja mchana mkewe alirudi kutoka dukani amenuna, akamtupia sarafu ndogo kuliko zote. "Mwenye duka kaikataa. Eti haina namba."

Msumari aliigeuza. Huku ua, huku ndege. Sarafu ya zamani ilikuwa na namba juu na ndege chini. Hii mpya ilitakiwa iwe na ua juu na namba chini. Siku ya kubadilisha sura alifunga ua, akaitwa kukwamua mashine ya jirani, akarudi akawasha. Chapa ya chini hakuigusa.

"Mbona umekuwa hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama mtu wa kulazwa."

Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Mpakizi mmoja wa pale kiwandani alikutwa nyumbani kwake na sarafu mbovu, zile ambazo wenye hela zao huzinunua kwa bei ya mbuzi. Wakasema kaiba, na mpaka leo yuko ndani. Sasa nani angeamini kwamba fundi aliyeifunga chapa kwa mkono wake kaletewa sarafu hii nyumbani kama chenji?

Mlango ukagongwa kwa nguvu. "Fundi yumo?" Sauti ya mwanamume.

Msumari akatazama dirisha la nondo, kabati, jiko. Akaitia sarafu mdomoni, akameza. Ikamkwama, macho yakamtoka pima, mkewe akamtandika mgongoni hadi ikashuka.

"Fungua," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

Alikuwa mwenye duka, kakumbatia kopo la maziwa ya unga. Akalimimina mezani. Ua, ndege, ua, ndege, nyingine zikaviringika hadi chini ya viti.

"Nisamehe shemeji, nimekuudhi kwa moja, kumbe mwenyewe ninazo tele. Sokoni ndiyo usiseme. Nikasema jirani yetu yuko hukohuko kiwandani, atatuambia nani kafanya madudu haya."

Wizi sasa hakuna ambaye angemsingizia. Lakini kwa swali hilo, kiwanda kizima kilikuwa na jibu moja tu. Mkewe hakuzitazama sarafu, alimtazama yeye, na uso wake nao ukaanza kuingiwa na hofu.

"Baba," akamuuliza polepole, "ni nani?"