Otilia wa Majengo, Aliyebeba Damu ya Kaka Yake

Alizaliwa Sumbawanga, mtaa wa Majengo, mwaka 1981, binti wa Polikarp, mfanyabiashara wa mahindi aliyeinuka biashara huria ilipofunguliwa. Tangu utotoni Otilia alipenda watu; ukimtafuta, ulisikiliza tu kicheko kinatokea nyumba gani. Alipofikisha miaka ishirini alijitoa kufundisha katekisimu, na kila aliyefiwa alimwona amefika kabla majamvi hayajatandikwa.

Mwaka 2002 alipatikana na saratani ya damu. Baba aliuza lori, wakaenda India, na huko akapandikizwa uboho, ule ute wa mifupani unaotengeneza damu, wa kaka yake Isdori, muuza vipuri vya baiskeli. Alirudi hai, lakini kinga ya mwili wake ilikuwa kama ya kichanga, na daktari akamwonya kwamba umati utamuua. Basi yeye mpenda nyumba iliyojaa akakaa chumbani, akiwasalimu wageni kupitia dirisha kwa kupiga makofi taratibu, kwa desturi ya Kifipa, pasipo kupeana mikono.

Kisha ngozi ikaanza kubanduka, kinywa kikajaa vidonda. Daktari alieleza kwamba damu ya kaka, iliyoingia kama mgeni, inaushambulia mwili ulioipokea. Hayo huwapata wengi waliopandikizwa. Shangazi Luciana alishika nusu ya maneno hayo, na kabla maharage hayajaiva Majengo nzima ilikuwa nayo.

"Daktari mwenyewe kasema! Damu ya Isdori inamla mtoto. Mnangoja malaika ashuke atangaze?"

Wateja wakalihama duka la Isdori, wakimwita mchawi. Mawe yakaanguka juu ya bati. Mkesha wa Jumapili ya Matawi, mwaka 2004, vijana walimfuata Isdori mlangoni: "Mshikaji, kesho Misa ikiisha tunakuchoma."

Otilia aliwasikia. Asubuhi akavaa viatu.

"Otilia, daktari amekataza umati," kaka alimsihi.

"Mimi amenikataza umati. Wewe nani amekukataza kuishi?"

Aliingia kanisani amemshika kaka yake mkono. Misa ilipoisha, watu wakawazunguka uwanjani. "Shangazi, shikamoo," alisema. "Mbona leo umesimama mbali, na kunisema unanisema kwa karibu? Damu hii nilipewa. Bila hii mngekuwa mmeshanizika. Mkimchoma Isdori, mmenichoma mimi."

Luciana alipiga magoti, akamkumbatia akilia. Hapo wakaja wote, hata wale vijana, kila mmoja akitaka mkono wake, wengine wakimkoholea begani huku wakiomba radhi. Isdori alijaribu kuwazuia. Otilia alijua mikono ile imebeba nini. Hakumnyima hata mmoja, maana aliyeondoka bila kusamehewa angemrudia kaka yake.

Homa ilimshika Jumatano Kuu. Alifariki kwa nimonia ndani ya Oktava, zile siku nane za Pasaka, Isdori akimlowesha midomo.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala sisi hatulitangulii. Akina mama wanasimulia wagonjwa waliopata nafuu waliposali kaburini pake. Hayo tunawaachia wenye kuyapima. Muujiza tunaoujua sisi hufungua duka kila asubuhi, na hadi leo hapendi kupeana mkono na mtu. Anayetaka kumwiga Otilia asianze kwa kutafuta kufa. Akiletewa habari ya jirani, hata iwe tamu namna gani, aende kwanza akabishe hodi kwa huyo jirani amwulize. Majengo nzima, mwaka ule, hakuna aliyebisha.