Majibu Ambayo Akoth Hakuyatoa

Ipo siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na nitakusimulia wewe unayeanza kazi ya kuuliza watu maswali kwa niaba ya chuo kikuu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele katika ukumbi wa chuo, nimevaa gauni la dada yangu. Idara ya Uchumi ilikuwa na sherehe yake ya kila mwaka, ile ya kutangaza nani amefundisha vizuri, nani ameandika nini, na utafiti gani umeshinda nyingine. Utafiti ulioshinda mwaka ule ulihusu maji katika Kibera, na mimi ndiye niliyewapeleka watafiti nyumba kwa nyumba kule Lindi, mtaa mmoja wa Kibera. Jina langu likaitwa. Nikapanda jukwaani, nikapewa cheti na kile kitabu chao cha mafanikio ya mwaka, kizito, kinachong'aa. Ndani kulikuwa na picha yangu.

Nilitabasamu siku ile mpaka mashavu yakaniuma. Hata leo nikikumbuka najikasirikia.

Acha nikueleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Profesa aliyeongoza utafiti alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alitaka mwenyeji anayefahamika, kwa sababu wanafunzi wake wakienda peke yao walikuwa wanafungiwa milango. Mimi nilikuwa nauza mandazi asubuhi karibu na barabara, kila mtu alinijua kwa jina, Rose wa mandazi. Akanipa ramani na kunieleza kwa uvumilivu: anza barabarani, teremka hadi mtoni, kila mlango wa kumi bisha hodi. Usichague. Mlango wa kumi ni wa kumi, hata kama ni wa mtu msiyesalimiana naye. Maswali yenyewe hayakuwa magumu. Unachota maji wapi? Unatembea muda gani? Unaenda mara ngapi kwa siku?

Siku ya kwanza tuliteremka tukiandika nambari kwa chaki juu ya kila mlango wa kumi, na kwa siku mbili nilifanya nilivyoambiwa. Ilikuwa msimu wa mvua. Lindi inateremka, na kule chini njia yenyewe ilikuwa mtaro wenye mawe na matope. Wanafunzi wawili niliokuwa nao walivaa viatu vyeupe. Watu wa kule nao walikuwa wamechoshwa na maswali. Mzee mmoja alituambia, "Mmekuja tena? Si mliuliza mwaka jana?" akafunga mlango. Ukikosa mtu, inabidi urudi jioni, na ukirudi unaambiwa ameenda kanisani.

Siku ya tatu nikawaambia wale wanafunzi, "Huko chini ni walewale tu. Tumalizie hapa juu."

Mmoja akauliza, "Na nambari za milango?"

"Andika tu za huko. Nani ataenda kuangalia?"

Wakacheka, wakaona nimewaokoa. Tulifanya hivyo siku zote zilizobaki. Tulikaa kwa majirani zangu wa barabarani, watu wenye mfereji wa maji ya bomba karibu na mlango, watu waliozoea wageni wenye kalamu, na majibu yao tukayaandika chini ya nambari za milango ya mtoni. Hakuna aliyenituma kufanya vile, mwanangu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mvivu na nilikuwa na haraka, basi. Nimetafuta sababu nyingine kwa miaka mingi na sijaipata.

Cheti nilikitundika ukutani. Mama mwenye nyumba wangu aliitwa Bi Zamzam, wa jamii ya Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari kutoka Sudan na walikaa Kibera kabla yetu sote. Alisikia kuhusu kitabu, akaja asubuhi moja kukiona. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Akafika pale waliposema kwamba nyumba nyingi za Lindi, kuanzia barabarani hadi mtoni, ziko hatua chache kutoka kwenye mfereji.

"Rose," akasema, "huyu Akoth wa nyumba ya mwisho mtoni, mlimuuliza?"

"Si ni kama wengine tu, Mama."

"Sikuulizi kama ni kama wengine. Nakuuliza kama mlimuuliza."

Akavua miwani. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alichukua mtungi wangu wa lita ishirini, akanipa, akaniambia niujaze kwenye mfereji wa barabarani kisha nimfuate. Alikuwa amepita miaka sitini, lakini alipandisha kidogo leso aliyojifunga kiunoni, akatangulia kwenye yale matope kama mtu anayeingia jikoni mwake.

Tuliteremka. Nilibadilisha mkono sijui mara ngapi. Mara mbili niliuweka mtungi chini nikakaa juu yake, na kila nilipokaa Bi Zamzam alisimama akanisubiri. Tulipofika, maji mengine yalikuwa yameshamwagikia sketi yangu na kiatu kimoja kilikuwa kimekatika.

Akoth alikuwa amekaa mlangoni, mkono wa kulia umefungwa plasta. Alikuwa mama wa watoto wawili, mtu wa kule kwetu ziwani, na kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo katika ploti, zile nyumba za kupanga, za mtaa wa Kawangware, ambako alienda kwa miguu kila asubuhi. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameteleza na mtungi kwenye njia ileile niliyotoka kuilaani. Kifundo cha mkono kikavunjika, na wateja wake wakatafuta mtu mwingine.

Bi Zamzam akaniambia, "Mweleze."

Nikamweleza. Utafiti, milango, nambari. Nambari yake ilikuwa bado imeandikwa kwa chaki juu ya mlango, chini ya paa mvua isipofika, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa siku ile ya kwanza. Nikamwambia kwamba karatasi yenye nambari hiyo iko chuoni na imejazwa yote.

Akoth akaiangalia ile chaki. "Kumbe nilishaulizwa," akasema. "Na nilijibu nini?"

Nimekemewa mara nyingi maishani. Hakuna kemeo lililonipata kama swali lile, na yeye hata hakulisema kwa hasira. Alitaka tu kujua.

"Ulijibu kwamba mfereji uko karibu na mlango wako."

Akautazama mtungi niliouleta. Watoto wake wakaja na vikombe.

Tulipokuwa tukipanda kurudi ndipo Bi Zamzam aliponiambia lililomleta kwangu. Kwenye baraza la chifu kulikuwa na watu waliotaka kujenga vioski vya maji, na walisema wazi kwamba Lindi ya chini hawataigusa, kwa sababu wasomi wa chuo kikuu wameshathibitisha haina shida ya maji. Kitabu wamekisoma. Kitabu chenye picha yangu.

Kesho yake nikaenda chuoni. Karani wa idara akaniuliza, "Profesa anakujua?" Nikamwonyesha picha. Akaniambia profesa yuko mkutanoni. Nikarudi siku ya pili, nikaambiwa yuko safarini. Siku ya tatu nikakaa kwenye ngazi hadi profesa akatokea, akaniingiza ofisini. Alinisikiliza, lazima niseme ukweli, alinisikiliza hadi mwisho, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Rose, kitabu kimeshachapishwa," akasema. "Wafadhili wanacho, wakuu wa chuo wanacho. Mbona hukuniambia mapema?"

"Nakuambia sasa."

"Mwaka ujao tunaweza kuweka maelezo kidogo."

"Akoth anachota maji mwaka huu, Profesa."

Alinitazama kama mtu niliyemwagia chai kwenye shati. Akasema ataona. Nikatoka nimefura kwa hasira, nikimtukana moyoni kwenye ngazi zote, nikafika chini, na pale chini nikajiuliza ni nani aliyempa zile karatasi.

Aliyenisaidia alikuwa mhadhiri mdogo, Daktari Nekesa, mwanamke mfupi aliyefundisha mwaka wa kwanza. Alikuwa amesikia mazungumzo kutoka ofisi ya pili. Alinifuata getini, akaniuliza swali moja tu, kama ningekubali kuwaambia wanafunzi wake nilichomwambia profesa. Nikakubali. Wiki iliyofuata akaleta darasa zima Lindi, kwa miguu. Kabla hawajauliza mtu chochote, kila mmoja alibeba mtungi kutoka barabarani hadi mlango wa mwisho. Wengine walilalamika. Msichana mmoja alilia. Daktari akawaambia, "Sasa mkiandika dakika kumi, mtajua mnaandika nini."

Waliuliza upya milango yote, nami nikiwatangulia. Nilipofika kwa wale niliowaruka, nilianza kwa kuwaambia kwamba tayari wana majibu chuoni na majibu hayo niliyatunga mimi. Wengine walicheka. Mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki.

Ripoti ya Daktari ilikuwa karatasi chache zilizobanwa kwa pini. Kitabu cha mwaka uliofuata kilipotoka nilikifungua sehemu ya ufundishaji bora, nikatafuta jina lake. Halikuwemo. Profesa alikuwemo tena. Nilimpelekea Daktari kile kitabu nikiwa na uchungu kwa niaba yake, naye akakifunga akaniambia ana darasa saa tano. Lakini zile karatasi zake ziliwafikia watu wa vioski, wakaja kuangalia kwa macho yao, na baada ya usumbufu mwingi na mikutano isiyoisha bomba likateremshwa hadi mtoni.

Akoth hakulikuta. Alikuwa amehamia Kawangware kuwa karibu na kazi. Nilimtafuta ploti baada ya ploti nikampata anafua, mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi kubwa. Nikamwambia maji yamefika.

"Ni vizuri," akasema. "Walio huko watapumzika."

Kisha akanipa upande mmoja wa blanketi nimsaidie kukamua, kwa sababu kifundo chake hakikurudi sawa na vitu vizito vilimshinda. Nilikamua mablanketi yote ya siku ile. Nilirudi Jumamosi kadhaa kumsaidia, halafu nikaacha. Niliacha mapema kuliko nilivyopaswa. Sitakudanganya juu ya hilo pia.

Sasa nieleze kwa nini nimekukalisha hapa. Jana ulinipigia simu. "Auntie, niaje, nipangie tu watu kama kumi na tano hapo karibu na lami, ripoti ya idara inafungwa Ijumaa." Nilibaki na simu mkononi sijui nicheke au nikutukane. Miaka yote hii, na bado ni karibu na lami. Hapa Soweto East, upande huu wa Kibera, tumejengewa magorofa, nyinyi mnakuja na vishikwambi vyenu mnauliza ghorofa ya chini peke yake kwa sababu ngazi zinawashinda, kisha mnaandika maoni ya wakazi. Mnanichosha. Nyinyi ni werevu kuliko nilivyokuwa mimi na mmesoma kunishinda, na bado mnafanya kosa langu lilelile, ila kwa haraka zaidi.

Nisikilize basi. Mtu ambaye hukumuuliza usimjibie. Ukishindwa kufika, andika kwamba umeshindwa kufika, hata kama ukurasa utaonekana mbaya na mkubwa wako atanuna. Mahali palipoachwa wazi patamfanya mwingine aende kuangalia. Mahali palipojazwa uongo hakuna atakayepagusa tena. Ukisikia mdomo wako unasema kwamba wale ni walewale, nyamaza, vaa viatu vya kazi, nenda. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, usingoje kitabu kichapishwe, kwa sababu kikishachapishwa kila mtu ana sababu ya kutokusikiliza. Na kama sifa zitaenda kwa mwingine, ziache ziende. Wewe una darasa saa tano.

Mungu akupe afya ya miguu, mwanangu. Akupe watu wa kukukemea ungali kijana, na akupe usikivu wakikukemea. Kila mlango utakaobisha ufunguliwe, na mwenye mlango huo akuambie ukweli wake kwa mdomo wake mwenyewe. Nenda na baraka zangu.