Chujio la Bibi Ndani ya Kioo

Msanii alitoka Ulaya mpaka Makambako kuja kutuonyesha dhambi za wazee wake. Mimi nilikuwa mkalimani wake, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na kwa siku tatu zile hakuna mtu mjini aliyeringa kunizidi. Msanii mwenyewe alikuwa mwema kupita kiasi. Hata chai hanywi kabla hajaomba radhi.

Sanaa yenyewe ilikuwa sanduku la kioo katikati ya ukumbi, limefungwa kwa ufunguo. Ndani mlikuwa na chujio la pombe, la kusukwa, ambalo mkoloni mmoja alilichukua huku kwetu zamani. Makumbusho ya kwao yalikuwa yamemwazima kwa wiki moja. Kibao kilisema: Kofia ya Mganga wa Vita. Nikamwambia, bwana, hili ni chujio, tunachujia pombe. Akafurahi mno, machozi yakamlengalenga. Akasema kosa hilo libaki, ni sehemu ya sanaa. Kioo nacho ni sanaa, eti kinatufanya tuhisi maumivu ya kutoshika kilicho chetu. Hee! Kama vile tulikuwa hatuyajui mpaka aje nacho.

Siku ya ufunguzi nikamleta mama kutoka kijijini kwetu Kichiwa. Baridi ilikuwa inauma, naye kavaa sweta mbili na koti la marehemu baba. Msanii akaomba mama avue vyote kwa ajili ya video, abaki na khanga, aonekane wa asili. Hilo nililitafsiri vizuri kabisa, tena haraka. Mama akanitazama, akavua koti tu.

Kisha akakisogelea kioo, akainama. Ukingo wa chujio lile umepindwa kushoto. Wasukaji wote kijijini kwetu hupinda kulia, lakini bibi yake mama alitumia mkono wa kushoto, akamfundisha mama hivyo hivyo, na mpaka leo majirani wanamcheka kwa kusuka kinyume.

"Hii ni kazi ya bibi," akaniambia kwa Kibena. "Mwambie mgeni wako anifungulie. Nilishike tu, nimrudishie."

Msanii alikuwa ameshanyoosha maiki, ufunguo uko kiunoni. Wakubwa wamejaa mstari wa mbele. Na sisi kwetu mgeni hasumbuliwi mbele za watu, anashukuriwa, basi. Nikaufyata.

"Mama anashukuru sana kwa kumletea," nikasema kwa Kiingereza.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama akabaki pale pale, anasubiri kufunguliwa. Alisubiri mpaka watu wakaenda kula.

Mwezi uliopita msanii akanitumia ile video. Inaonyeshwa kwao sasa, na chujio limesharudi kwenye kabati la makumbusho. Nikampelekea mama aione, kwa majivuno yangu ya kijinga. Binti wa jirani, yuko kidato cha nne, akaanza kumsomea maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha, akiyageuza kwa Kibena: mama anashukuru sana kwa kumletea.

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa na chujio jipya mapajani. Akaendelea kuupinda ukingo, kushoto, bila kuniangalia.

"Siku zote hizi namlaumu mgeni," akasema. "Kumbe aliyeninyima ni wewe."